Usaili wa Wakaguzi wa Hesabu: Mtoto wa Askari Ajitayarishe Vipi?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Askari aliyewahi kukabidhiwa bohari au ghala la silaha hahitaji kufafanuliwa maana ya usemi huo, kwa maana anajua kuwa siku ya makabidhiano kila kitu huhesabiwa mbele ya mashahidi, na kilichopungua hutafutiwa mwenyewe. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wanaotambua kuwa hekima hiyohiyo ndiyo inayotafutwa na kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu zinapowaita vijana kwenye usaili. Makala haya tunayaandika kwa faida ya wazazi walio jeshini na katika polisi, ambao watoto wao wamehitimu na sasa wanatafuta kazi.

Tuutazame mtaa wa Kyebando, ulio katika Divisheni ya Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala, jirani na barabara ya Northern Bypass iliyofunguliwa mwaka 2009. Katika vyumba vya kupanga vya mtaa huo wamo wachuuzi, waendesha boda boda, askari waliostaafu na wanafunzi. Kijana hutoka hapo akasoma uhasibu Makerere au katika Chuo cha Biashara cha Nakawa, kisha hurudi na shahada mkononi. Siku moja hupata ujumbe wa kumwita kwenye usaili. Furaha huingia nyumbani, na mara huandamana na hofu, kwa kuwa hakuna jamaa hata mmoja aliyepata kupita mlango wa ofisi ya namna hiyo.

Yafaa ieleweke kwanza kampuni hizo zinauza nini. Zilizo kubwa kupita zote duniani ni nne, nazo ni Deloitte, PwC, EY na KPMG, na zote zina ofisi Kampala. Kazi yao kuu ni kuchunguza hesabu za mashirika na kutoa kauli kama hesabu hizo zinaonyesha hali ya kweli. Zamani zilikuwa tano. Ya tano, Arthur Andersen, ilikuwa na wafanyakazi wapatao 85,000. Mteja wake Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, alipofilisika mwezi Desemba 2001, ilifahamika kuwa hesabu zake zilikuwa zimeficha madeni makubwa na kwamba wakaguzi walikuwa wameharibu nyaraka. Mwaka 2002 Andersen iliacha kazi ya ukaguzi Marekani. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliitengua hukumu dhidi yake mwaka 2005, lakini wateja walikuwa wamekwisha kuondoka. Bidhaa ya mkaguzi ni kuaminika kwake, na bidhaa hiyo ikishaoza hainunuliki tena. Kwa hiyo msaili hujiuliza swali moja nyuma ya maswali yake yote: je, kauli ya kijana huyu itategemewa?

Usaili wenyewe aghalabu huwa na hatua kadhaa. Kwanza hutazamwa vyeti, tangu vya sekondari hadi chuo kikuu. Hufuata mtihani wa hesabu za asilimia, uwiano na majedwali, pamoja na ufahamu wa maandishi, na muda wake ni mfupi mno. Dawa ya mtihani huo ni mazoezi ya kila siku kwa kutumia saa, wiki kadhaa kabla. Baadaye huja mazungumzo na mameneja, na mwisho na mbia wa kampuni. Hapo kijana ataulizwa mambo ya msingi: uchakavu wa mitambo unagusa vipi faida na mizania, au kwa nini salio la leja halilingani na taarifa ya benki. Ataulizwa pia amefikia wapi katika mitihani ya ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda iliyoanzishwa kisheria mwaka 1992. Aseme alichofaulu na alichoshindwa kama kilivyo, kwa kuwa majibu ya mitihani huhakikiwa.

Kuna maswali mengine yanayowababaisha wengi: "Tueleze siku uliyokabiliwa na tatizo gumu." Kijana asiyejiandaa huzunguka kama mtu aliyepotea msituni. Hapa mzazi askari ana silaha ya kumpa mwanawe. Amri ya operesheni huanza na hali, ikafuata jukumu, kisha utekelezaji. Jibu zuri hushika njia hiyohiyo: hali ilikuwaje, jukumu langu lilikuwa lipi, nilitenda nini mimi mwenyewe, na matokeo yalikuwa yapi. Kijana aandae visa vitatu au vinne vya kweli. Hata kutunza daftari la duka la mama yake Kalerwe kunafaa, mradi aeleze kwa takwimu.

Swali jingine lipendwalo ni hili: utathibitishaje kwamba wote walioandikwa katika orodha ya mishahara wapo? Uganda inaijua hoja hiyo vizuri, kwani mwaka 2003 ulifanyika uchunguzi kuhusu askari hewa katika orodha za jeshi letu. Mkaguzi huchagua majina, akaomba kumwona mtu mwenyewe na kitambulisho chake, kisha akalinganisha na barua ya ajira na malipo ya benki. Askari aliyesimama kwenye gwaride la kuhesabiwa watu ameuona ukaguzi huo kwa macho yake.

Pamoja na hayo, malezi ya kambini yana upande mmoja unaohitaji kuangaliwa. Sajini mmoja mstaafu wa Kyebando, ambaye tuliwahi kumkuta akimzoeza binti yake, alimuuliza: "Mkubwa wako akikuamuru utie sahihi hesabu ya magunia ambayo hukuyahesabu, utafanyaje?"

"Nitatii, Baba," binti alijibu pasipo kusita.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, mlinzi wa lango usiku humsimamisha hata kanali mpaka atoe neno la siri. Je, amemvunjia heshima?"

"La, Baba. Amefanya kazi aliyopewa."

"Basi na wewe kamwambie mkubwa wako, kwa adabu, kwamba utatia sahihi ukishayahesabu."

Somo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mtoto aliyelelewa kuitikia "ndiyo, afande" tangu utotoni anaweza kudhani kwamba kuuliza ni utovu wa nidhamu, ilhali mkaguzi asiyeuliza hana kazi. Mzazi ampe mwanawe nafasi ya kutoa hoja nyumbani, hata ya kumpinga baba kwa heshima, ili ulimi wake usije ukafungika mbele ya wasaili.

Upelelezi wa njia nao usisahauliwe. Mvua kubwa ikinyesha, maji hujaa Kalerwe na Bwaise, magari yakasimama. Kijana aende kuliona jengo siku moja kabla, na siku yenyewe aondoke mapema, nguo zikiwa safi na vyeti vikiwa vimepangwa.

Aidha, wapo matapeli wanaodai fedha ili "kuiwahisha" nafasi. Kampuni hizo hazitozi mwombaji kazi hata shilingi moja. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, kama ilivyo kughushi cheti, na mzazi askari asiuze ng'ombe kumlipa mwizi.

Jambo hili linatugusa sote. Akiba zetu zimo katika vyama kama Wazalendo SACCO ya wanajeshi na Exodus SACCO ya polisi, na sheria ya ushirika inataka hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka. Anayekagua akiba ya askari aliyeko mpakani alikuwa jana kijana mbele ya wasaili. Basi tuwaandae watoto wetu kuhesabu kwanza, na kutia sahihi baadaye.