Fazi ya Minneapolis: Kelele Inayochaguliwa kwa Sikio

Mwaka 2001 bendi ya Muse kutoka Uingereza ilitoa wimbo wa "Plug In Baby". Kabla gitaa halijashika njia yake, inasikika milio mikali inayopanda na kushuka, mithili ya redio ya masafa mafupi inayotafuta stesheni usiku. Kisha milio inakatika ghafla na gitaa linaingia kwa ngurumo. Hakuna kompyuta iliyohusika hapo. Kelele ile ilitoka kwenye Fuzz Factory, kisanduku kidogo cha chuma kilichobuniwa mjini Minneapolis, Marekani, na fundi aitwaye Zachary Vex. Matt Bellamy, mwimbaji na mpiga gitaa wa Muse, alikipenda mno hata mtengenezaji wa magitaa yake, Hugh Manson, akakifunga ndani ya mwili wa gitaa lenyewe.

Kisanduku cha namna hiyo wanamuziki hukiita pedali, kwa sababu kwa kawaida hukaa sakafuni na kuwashwa kwa mguu. Waya wa gitaa huingia upande mmoja, mwingine hutoka kwenda kwenye amplifaya, na hapo katikati sauti hubadilishwa. Zipo pedali za mwangwi, za kutetemesha, za kupandisha sauti juu. Fazi ni miongoni mwa zilizotangulia, na kazi yake ni kuiharibu sauti ya gitaa kwa makusudi.

Aliyekulia kwenye muziki wa dansi, ambako gitaa la solo husifiwa kwa kung'aa na kila noti husikika peke yake, ana haki ya kuuliza kwa nini mtu agharamie uharibifu. Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Ilimba ya Wagogo wa Dodoma, ile ambayo marehemu Hukwe Zawose aliizungusha kwenye majukwaa ya dunia, ina tundu linalozibwa kwa utando wa buibui ili kila chuma kikibonyezwa kitoe sauti pamoja na mkwaruzo wake. Mbira ya Zimbabwe hufungwa vifuniko vya chupa kwa sababu hiyohiyo. Mkwaruzo huinenepesha noti na kuifanya ijaze mahali. Mafundi wa Ulaya na Marekani walichelewa kuliona hilo, na walipoliona ilikuwa kwa bahati.

Bahati yenyewe ilitokea Nashville. Mwimbaji Marty Robbins alikuwa studio akirekodi "Don't Worry", wimbo wa taratibu wa mapenzi, na Grady Martin alikuwa na gitaa la besi la nyuzi sita. Transfoma ya njia moja kwenye mashine ya kuchanganyia sauti ikaharibika, na solo ya Martin ikatoka ikikoroma kama haijawahi kusikika kwenye wimbo wa aina ile. Waliokuwapo wangeweza kuifuta na kurudia. Wakaiacha, na wimbo ulipotoka mwaka 1961 ukapanda hadi nafasi ya kwanza katika chati za muziki wa kantri.

Fundi mitambo wa siku hiyo, Glenn Snoddy, hakuridhika na kuokota bahati tu. Alichunguza ile hitilafu, kisha akishirikiana na mhandisi Revis Hobbs akaunda saketi ya transista inayoweza kuizalisha wakati wowote. Kampuni ya Gibson iliichukua na mwaka 1962 ikaiingiza sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, ikiitangaza kuwa itaweza kuliigiza tarumbeta na hata ala za nyuzi za kuchezwa kwa upinde. Wateja hawakushawishika, na pedali zikalala madukani.

Miaka mitatu baadaye Keith Richards wa Rolling Stones aliiwasha ile Maestro kwenye "Satisfaction". Nia yake ilikuwa kuonyesha tu mahali ambapo baadaye wangepuliza matarumbeta. Bendi ikautoa wimbo ulivyo, na Maestro zilizokuwa zimelala zikagombaniwa. Matarumbeta aliyoyawazia Richards yalikuja kupulizwa mwaka huohuo wa 1965, ila kwenye toleo la Otis Redding.

Kinachofanyika ndani ya kisanduku si kigumu kueleweka. Sauti ya gitaa ndani ya waya ni wimbi la umeme linalopanda na kushuka kwa ulaini. Transista ina kikomo cha umeme inaoweza kupitisha. Ikilazimishwa kuvuka kikomo hicho, vilele vya wimbi hukatwa na kubaki bapa, na huko kukatwa huzaa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwapo kwenye uzi wa gitaa uliopigwa. Jambo la pili ni kwamba noti haififii upesi: hata uzi unapokaribia kutulia, kilichobaki bado kinatosha kuijaza transista, kwa hiyo noti inasimama kama ya mpuliza saksafoni mwenye pumzi ndefu. Lakini ukipiga kodi yenye noti nne au tano, zile sauti za ziada hugongana na kuwa tope. Ndiyo maana wapigaji wa fazi hupenda noti mojamoja, au mbili tu.

London nayo haikukaa kimya. Gary Hurst alitengeneza fazi iitwayo Tone Bender mwaka 1965, na mwaka uliofuata kampuni ya Arbiter ikaleta Fuzz Face, kisahani cha duara kilichofuata umbo la kitako cha stendi ya maikrofoni, chenye vinobu viwili vinavyofanana na macho. Jimi Hendrix ndiye aliyekifikisha kila kona. Ndani yake mlikuwa na vipande vichache mno: transista mbili za gerimani, vipingamizi na kapasita kadhaa, betri moja. Vipande vichache hivyo fundi mmoja angeweza kuviunganisha mezani kwake, na humo ndimo ilimoanzia hadithi ya mafundi wadogo.

Gerimani ndiyo madini ya transista za kwanza kabisa, zilizoundwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani. Ina tabia ngumu. Huvujisha umeme hata inapotakiwa kuuzuia, na joto likipanda huvujisha zaidi, kwa hiyo pedali iliyosikika vizuri alasiri kivulini yaweza kubadilika usiku chini ya taa za jukwaani. Tena transista mbili za kundi moja zaweza kutofautiana kabisa kwa nguvu. Viwanda vikahamia kwenye silikoni, iliyo tulivu na rahisi, na vikawa na haki ya kufanya hivyo. Ila silikoni hutoa fazi yenye ukali, wakati gerimani nzuri huwa na joto na ulaini fulani, na mpigaji akipunguza kidogo sauti kwenye gitaa lake, sauti hujisafisha yenyewe bila kugusa pedali.

Afrika haikuwa mtazamaji. Katika miaka ya 1970, miji ya shaba ya Zambia na jiji la Lusaka ilizaa muziki uliokuja kuitwa Zamrock. WITCH, Amanaz na Ngozi Family ya Paul Ngozi walipiga fazi nzito juu ya midundo ya kwao, na rekodi zao leo zinasakwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani.

Kufikia miaka ya 1990 watu wengi walitaka tena zile sauti za kale, na viwanda vikubwa havikuwa na subira ya kuhangaika na gerimani. Subira hiyo walikuwa nayo mafundi wa mezani. Mike Piera wa Connecticut, anayejulikana kama Analog Man, alijipatia heshima kwa pedali yake ya Sun Face, ambayo transista zake huchaguliwa kwa kupimwa moja baada ya nyingine. Anachonunua mteja kwa fundi wa namna hii ni sikio na uvumilivu wa mtu aliyekataa transista nyingi mpaka akapata mbili zinazopatana.

Vex alianza kuuza pedali zake mwaka 1995, baada ya kazi ya kurekodi muziki, na yeye akachukua njia nyingine. Wengi walikuwa wakiisaka Fuzz Face kamilifu. Yeye aliichukua saketi ya ukoo huo, yenye transista mbili za gerimani za akiba ya miaka ya 1960, akaiongezea moja ya silikoni, kisha akayatoa nje mambo ambayo wabunifu wa zamani waliyafunga ndani. Matokeo yake ni vinobu vitano. Cha sauti na cha ukali havina maajabu. Kinachoitwa Gate hunyamazisha kelele mara noti inapokwisha, hata kimya kikaja kama kilichokatwa kwa kisu. Comp hubadili namna noti inavyoanza. Cha tano ni Stab, na hicho hupunguza umeme unaofika kwenye saketi mpaka ianze kuhangaika. Pedali hulia yenyewe bila gitaa kuguswa, na kinobu kikizungushwa mlio hupanda au kushuka, kama ulivyosikika mwanzoni mwa ule wimbo wa Muse. Kila kinobu huvuruga kazi ya vingine, kwa hiyo mpigaji lazima akae nayo na kuisikiliza. Nels Cline wa bendi ya Wilco ni mmoja wa waliokaa nayo, na muziki wake umefaidika.

Kila kisanduku cha toleo la awali hupakwa rangi kwa mkono. Kwa wasioweza bei ya kazi hiyo lipo toleo la Vexter, saketi ileile ikiwa na michoro ya kuchapishwa. Vex alitengeneza pia Fuzz Probe, ambayo imeongezewa bamba la shaba. Mpigaji husogeza mguu karibu na bamba bila kuligusa, na mlio hupanda na kushuka kufuata umbali wa kiatu chake, mikono yote miwili ikiwa bado kwenye gitaa.