Anayenunua pikipiki siye anayenunua petroli

Juma lililopita nilipanda bodaboda kutoka stendi ya Bweri kwenda Mwigobero. Njiani nilimwuliza kijana aliyenibeba, je, pikipiki ya umeme angeitaka? Akacheka. "Naitaka sana, mzee wangu. Lakini chombo si changu, ni cha tajiri."

Jibu hilo fupi lina somo kubwa. Wengi hudhani kwamba pikipiki za umeme zinachelewa kuenea mijini kwa sababu watu wanaziogopa. Mimi naona kiini chake ni mahesabu ya watu wawili. Tajiri ndiye anayenunua pikipiki. Dereva ndiye anayeweka petroli, kisha jioni anapeleka hesabu. Pikipiki ya umeme ni ghali kuinunua, hasa kwa sababu ya betri, lakini ni rahisi kuiendesha. Basi mzigo humwangukia tajiri, na nafuu humwendea dereva. Tajiri gani atagharimia nafuu ya mwenzake?

Na nafuu hiyo si ndogo kwetu Mara. Petroli hutufikia kwa malori kutoka bandari za pwani, na gharama ya safari hiyo imo ndani ya bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi. Umeme, kwa upande wake, tunauzalisha nchini. Bwawa la Julius Nyerere, lenye jina la mwana wa Butiama, peke yake lina uwezo wa megawati 2,115.

Wenzetu wa Kigali wamekifungua kifundo hiki. Kampuni ya Ampersand, iliyoanza biashara huko mwaka 2019, hubaki na betri. Mwenye pikipiki hununua chombo tu. Chaji ikiisha, dereva huingia kituoni, huacha betri yake, huchukua iliyojaa na kulipia umeme aliotumia. Ni kazi ya dakika chache. Serikali ya Rwanda nayo ilitangaza mwaka 2024 kwamba, kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zitakazosajiliwa Kigali ziwe za umeme.

Hata hivyo, amri pekee haitoshi. Dereva wa Musoma anayepata abiria wa Butiama au Bunda lazima ajue atabadilisha betri wapi, na fundi wa kijiweni awe amejifunza kuitengeneza. Zaidi ya hayo, vijana wakikopa kupitia SACCOS yao, mwenye chombo na mwenye kulipia nishati atakuwa mtu mmoja. Siku hiyo yule kijana wa Bweri nikimwuliza hatacheka, atapiga hesabu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.