Mtungi mnauogopa bure, ogopeni tundu la nozeli

Tangu serikali ianze kuzibana taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, maswali ya wasomaji wangu yamebadilika. Zamani niliulizwa kama gesi inaharibu ladha ya maharage. Siku hizi wanaoniandikia ni wapishi wa shule, wenye mabanda ya chipsi, mama lishe waliochangishana kununua jiko kubwa la mtumba, na karibu wote wana swali moja: mtungi hautalipuka?

Mtungi ni chuma kilichopimwa, na haujazwi mpaka juu. Karibu moja ya tano huachwa wazi ili kimiminika kipate pa kutanukia jua likiwaka. Mara nyingi mkisikia "mtungi umelipuka", mtungi wenyewe umekutwa mzima, ukuta ndio haupo. Kilicholipuka ni gesi iliyovuja. Gesi ya mitungi ni propani na butani, zote nzito kuliko hewa, butani karibu mara mbili. Haipandi darini. Inatambaa chini kama maji yaliyomwagika, inatafuta chemba, mtaro, uvungu wa kaunta, na hewa yenye gesi asilimia 2 tu inatosha kushika moto. Lile dirisha la juu analojivunia fundi wenu haliwaokoi. Tundu la kutolea gesi liwe usawa wa sakafu. Gesi asilia ya Songo Songo inayopita kwenye mabomba Dar es Salaam ni kitu kingine. Hiyo ni methani, nyepesi, yenyewe ndiyo inayopanda. Wapo mafundi wanaozichanganya hizi mbili kila siku, na wanalipwa.

Majuzi nilisimama kwenye banda la chipsi, nikaona moto wa jiko la gesi una rangi ya embe bivu, ndimi zake zinalamba mpaka ukingo wa karai, na karai limekuwa jeusi kama la kuni. Mwenye banda alifurahi nilipoulizia. "Fundi amenifungulia, dada. Zamani moto ulikuwa mdogo, wa bluu. Sasa si unauona?" Amemfungulia vipi? Kwa sindano ya cherehani. Ameichomeka kwenye nozeli, akaizungusha mpaka tundu likapanuka.

Hapa naomba mnivumilie, maana kifaa hiki kidogo kinanivutia kuliko jiko zima. Nozeli ni kipande cha chuma cha njano, kidogo kuliko ncha ya kidole, chenye tundu jembamba katikati. Gesi inatoka hapo kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayovuta hewa kupitia matundu ya pembeni, shingoni mwa jiko, kabla moto haujawaka. Hakuna feni wala umeme. Mkondo wa gesi unakokota hewa kama lori linavyokokota vumbi nyuma yake. Na hewa inayotakiwa si haba: lita moja ya gesi ya propani inataka lita 24 za hewa ili iungue yote, butani 31. Sehemu inavutwa pale shingoni, iliyobaki moto unaichukua pembeni unapowaka.

Sasa njoo na sindano yako. Tundu la milimita 1 likifika milimita 1.4, macho hayaoni tofauti, lakini eneo la tundu limekuwa maradufu, na gesi inayotoka ni maradufu. Hewa haijawa maradufu. Imeongezeka kwa takriban asilimia 40 tu, kwa sababu shingo ni ile ile. Kila lita ya gesi sasa inafika motoni na hewa pungufu. Kaboni iliyokosa oksijeni, nyingine inang'aa njano na kuishia masizi kwenye karai; nyingine inatoka kama kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Moto umekuwa mkubwa, naam, kwa sababu gesi inahangaika kutafuta hewa.

Jiko la mtumba kutoka Ulaya laweza kuja na ugonjwa huu tayari. Limetengenezwa kwa gesi asilia, ambayo kwa ujazo ule ule ina nguvu chini ya nusu ya gesi ya mtungi, kwa hiyo nozeli zake zimetobolewa pana tangu kiwandani. Tafuteni kibao nyuma ya jiko. Kikisema G20, ni la gesi asilia. G30 au G31 ndiyo ya mtungi. Fundi anayelifunga bila kusoma kibao hicho, mrudisheni alikotoka.

Mpishi anayeumwa kichwa kila mchana, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, halafu jioni nyumbani yuko salama, huambiwa ni joto la jikoni au malaria. Kisha anapewa maziwa. Nimechoka na maziwa haya! Maziwa yanakwenda tumboni. Kaboni monoksaidi imeshikamana na damu, kwenye kiti cha oksijeni, mara 200 na zaidi kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe. Kwenye hewa safi huchukua saa 4 au 5 kupungua nusu tu. Mtoeni nje, kisha hospitali akapewe oksijeni. Na msingoje harufu: ile harufu ya kuoza hutiwa kwenye gesi ili mvujo ujulikane, haimo kwenye kaboni monoksaidi.

Kuna pia wanaoumwagia maji ya moto mtungi uliofanya barafu, au wanaulaza. Barafu ni kwa sababu kimiminika kikigeuka gesi hunyonya joto la chuma, na jiko kubwa linavuta haraka kuliko hewa inavyorudisha joto. Ungeni mitungi miwili pamoja. Ukiulaza, kimiminika chenyewe kinaingia kwenye regulata, na regulata haikutengenezwa kwa hilo.

Mengine haraka. Mitungi ikae nje, wima, kivulini, mbali na chemba. Bomba la chuma lililofungwa ukutani, mpira mfupi mwishoni, usipite nyuma ya moto wala ndani ya ukuta. Regulata ya presha iliyoandikwa kwenye jiko. Koki ya kufungia yote, unayoifikia bila kuupita moto. Kila plate iwe na kile kifaa kinachofunga gesi moto ukizimika wenyewe. Feni ya kutolea hewa iwashwe kabla ya jiko. Mvujo upimwe kwa povu la sabuni, kila kiungo. Anayepima kwa kiberiti mfukuzeni kabla hajawasha. Nozeli iliyopanuliwa haizibiki, inunuliwe mpya.

Na kiungo kikishika moto, funga gesi kwanza, moto utazimika wenyewe. Ukiuzima kwa blanketi huku gesi inaendelea kutoka, umeirudisha sakafuni. Kama koki haifikiki, toeni watu na pigeni 114.