Kudai Fidia ya Kuumizwa na Gari: Matayarisho Kabla ya Kwenda Mahakamani

Somo hili lilisemwa redioni, na sasa limepigwa chapa ili ulisome mwenyewe pole pole pamoja na wenzako darasani. Weka kalamu na daftari karibu, maana leo tutasoma, tutaandika, na tutafanya hesabu kidogo.

Tuseme yuko mama mmoja auzaye ndizi kando ya barabara. Siku moja daladala inaacha njia, inampiga, na mguu wake unavunjika. Watu wanakusanyika, wanamkaripia dereva, wanambeba mama hospitali. Siku ya tatu anafika kitandani pake mtu mpole, amevaa vizuri, ana bahasha na karatasi. Anasema, "Pole sana, mama. Hizi shilingi laki mbili ni za dawa. Weka dole gumba hapa tu." Mama anashukuru, anaweka dole.

Je, karatasi ile ilikuwa na maneno gani? Yaandike katika daftari lako: MALIPO KAMILI NA YA MWISHO. Maana yake ni kwamba mama amekubali kuwa deni lote limekwisha, wala hatadai kitu tena. Mguu haujapona, biashara imelala, naye amekwisha funga mlango kwa dole lake mwenyewe. Kwenda kuivunja karatasi ile mahakamani ni kazi ngumu sana. Mimi huona kwamba jambo hili peke yake latosha kumfanya mtu mzima ajifunze kusoma. Basi ukiletewa karatasi yo yote nawe u mgonjwa, sema, "Niachie nakala, nitaisoma na watu wangu." Mtu mwema hatakataa. Akikataa, umekwisha mjua.

Sasa turudi mahali pa ajali. Andika namba ya gari; ukishindwa, mwombe mtu aliye karibu aandike au apige picha kwa simu yake. Uliza majina ya watu wawili au watatu walioona kwa macho yao, na namba zao za simu. Usiseme, "Watu wote wa sokoni waliona." Hakimu hawezi kuliita soko zima. Uliza pia habari za bima ya gari lile, kwa sababu sheria ya Tanzania humlazimu kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu wengine wanaoweza kuumizwa na gari lake. Ukiwa na namba ya gari, waweza kuuliza kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ili ujue gari lile limekatiwa bima na kampuni gani.

Ajali iripotiwe polisi. Hapo utapewa fomu iitwayo PF3, nayo haiuzwi. Unaipeleka hospitali, daktari anaandika ndani yake jeraha liko wapi na lina ukubwa gani, kisha inarudi polisi. Kabla hujairudisha, itoe nakala uiweke nyumbani. Lakini mtu anayevuja damu asikalishwe kituoni akingoja fomu. Atibiwe kwanza, fomu ifuate. Askari wa usalama barabarani naye huchora mchoro wa mahali pa ajali na kulikagua gari. Uliza namba ya jalada lako, uiandike. Bila namba hiyo utazunguka kutoka meza hii hata meza ile.

Hapa watu wengi hukosea, kwa hiyo soma pole pole. Kesi zaweza kuwa mbili. Ya kwanza ni ya serikali juu ya dereva, kwa kuvunja sheria ya barabarani. Dereva akitozwa faini, fedha ile huingia serikalini, siyo mfukoni mwako. Ya pili ni yako wewe, ya kudai fidia, nayo haifunguki yenyewe. Wako watu waliokaa nyumbani miaka wakidhani kwamba kesi ya polisi ndiyo yao. Hata hivyo kesi ile ya kwanza yaweza kukufaa sana. Dereva akionekana na hatia, na muda wa rufani ukipita, hukumu ile ni ushahidi wa nguvu katika madai yako. Basi hudhuria, na mwisho omba nakala ya hukumu.

Tuje kwenye hesabu. Mahakama hugawanya madai mafungu mawili. Fungu moja ni hasara zinazohesabika: dawa, nauli, fedha za kazi zilizopotea. Hizi lazima uzitaje moja moja na kuzithibitisha moja moja. Mahakama ya Rufani imelisema jambo hili mara nyingi. Fungu la pili ni maumivu, kilema, na kupungukiwa na raha ya maisha. Hayo hayana risiti, hakimu mwenyewe huyapima.

Mama wetu alilipa hospitali shilingi 310,000, na risiti anazo. Alikwenda kliniki mara 12, nauli ya kwenda na kurudi shilingi 4,000 kila mara. Alikuwa akipata faida ya shilingi 8,000 kwa siku, naye hakuuza kwa siku 60. Piga hesabu katika daftari lako kabla ya kusoma mbele.

Nauli ni 48,000. Faida iliyopotea ni 480,000. Pamoja na hospitali, jumla ni shilingi 838,000. Lakini hakimu atauliza, "Hiyo elfu nane wewe umeijuaje?" Kama mama alikuwa na daftari la mauzo, atalionyesha. Kama hana, amlete yule anayemuuzia ndizi kwa jumla aeleze alinunua mikungu mingapi kwa wiki. Risiti zote zitiwe katika bahasha moja, zikae mahali pasipovuja. Risiti nyingine wino wake hufifia kwa muda mfupi, kwa hiyo zitoe nakala mapema.

Mwombe daktari pia ripoti ya pili, jeraha likiisha tulia, aandike kama kuna ulemavu wa kudumu na kwa asilimia ngapi. Ni vizuri kungoja ripoti hiyo kabla ya kutaja fedha. Lakini usingoje mno! Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka mitatu kwa madai ya namna hii. Aliyeumizwa tarehe 10 Machi 2024, asipofungua kesi kabla ya tarehe 10 Machi 2027, atakuwa amejiweka katika hatari ya kufukuzwa mlangoni. Kuandikiana barua na kampuni ya bima hakusimamishi siku hizo. Na kama gari ni la serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90. Hesabu siku hizo ndani ya miaka yako mitatu.

Kabla ya kufungua kesi, andika barua ya madai. Iende kwa dereva na kwa mwenye gari, kwa kuwa dereva akiwa katika kazi ya mwenye gari, mwenye gari naye hudaiwa. Kampuni ya bima ipate nakala, na tena iarifiwe juu ya kesi mapema. Barua isiwe ya matusi. Yaweza kuwa hivi:

"Tarehe 10 Machi 2024, saa mbili asubuhi, gari lako liliniumiza nikiwa kando ya barabara. Mguu wangu wa kulia ulivunjika. Nadai shilingi 838,000 za hasara nilizozitaja chini, pamoja na fidia ya maumivu na ulemavu. Nangoja jibu lako kwa siku 21. Usipojibu, nitakwenda mahakamani."

Chini weka jina, sahihi na orodha ya hasara. Anayeipokea atie sahihi na tarehe katika nakala yako. Andika kweli tupu, hata lile lisilokupendeza. Kama ulikuwa ukivuka pasipo kutazama, sema. Mahakama yaweza kupunguza fidia kwa sehemu ya kosa lako, lakini ukikamatwa na uongo hata lililo kweli litatiliwa shaka.

Madai haya kwa kawaida hayapelekwi Mahakama ya Mwanzo, ila Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Ukiwa huna fedha za wakili, tafuta watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya mwaka 2017. Kazi yao ni kuwasaidia wasiojiweza bila malipo. Ukiumia ukiwa kazini kwa tajiri wako, njia ni nyingine, ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nayo tutaisema siku nyingine.

Kwa juma lijalo, andika barua ya madai ya mtu aliyegongwa na bodaboda akavunjika mkono. Taja hasara tatu na jumla yake. Kisha mpe jirani yako darasani aisome kwa sauti, nawe usimsaidie.