Langhe: Wakulima wa Italia wanaouza zabibu zao mezani

WENGI wetu tukisikia neno utalii, akili hukimbilia wanyama wa Serengeti, fukwe za Zanzibar na theluji ya Mlima Kilimanjaro. Ni wachache wanaofikiria kuwa shamba la mkulima mdogo, jiko la familia yake na mapipa ya mvinyo yaliyo chini ya nyumba yake vinaweza kumfanya mgeni asafiri maelfu ya kilometa, akae wiki nzima mahali pamoja na kulipa vizuri.

Lakini ndivyo ilivyo katika vilima vya Langhe, kusini mwa mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia. Kila mwaka, hasa kati ya Septemba na Novemba, vikundi vidogo vya wageni kutoka Ulaya na Marekani hufika huko kwa safari isiyo na wanyama wala bahari. Wanakwenda kula, kunywa na kumsikiliza mkulima.

Makala haya yanaziangalia safari hizo kwa jicho la mchumi wa kilimo. Swali ni moja: fedha ya mgeni inaingia mfuko wa nani, na ilihitajika nini hadi mkulima akapata sehemu yake?

Safari yenyewe ikoje

Kikundi cha kawaida huwa na watu wanane hadi 12, idadi inayotosha basi dogo moja na meza moja ndefu. Wageni hufikia nyumba moja, mara nyingi nyumba ya shamba, na kulala hapo siku zote sita au saba. Hakuna kufunga mizigo kila asubuhi. Kwa siku hutembelea sehemu moja, zikizidi sana mbili.

Siku ya Jumamosi, kwa mfano, wanaweza kuanzia kwenye soko la mji wa Alba, ambako jibini, matunda na mboga hupangwa katika mitaa ya mji mkongwe. Mchana wanakwenda kijiji cha Barolo. Huko mwenye shamba hawapeleki kwanza kwenye chupa. Anawapeleka shambani. Anawaonyesha udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na chokaa, na kuwaeleza kwa nini mteremko unaotazama kusini una bei kubwa kuliko ule unaotazama kaskazini. Baada ya hapo ndipo wanashuka kwenye ghala la mapipa, na mwisho kabisa wanaonja.

Mvinyo wa Barolo unatokana na zabibu ya aina moja tu, Nebbiolo, ambayo huchelewa kuiva. Kanuni zinakataza kuuuza kabla ya miezi 38, na miezi 18 kati ya hiyo lazima uwe ndani ya mapipa ya mbao. Mgeni akishalisikia hilo kutoka kwa mtu aliyefunga mtaji wake miaka mitatu, haulizi tena kwa nini chupa ni ghali.

Siku nyingine kikundi hupanda hadi Roccaverano, ng'ambo ya bonde la mto Bormida, kwa wafugaji wa mbuzi wanaotengeneza jibini iitwayo Robiola. Siku nyingine tena hufuatana na mtafutaji wa tartufo nyeupe na mbwa wake. Tartufo ni uyoga unaokua chini ya ardhi kwenye mizizi ya miti kama mwaloni na mpopla. Haupandwi kama zao la kawaida. Mbwa hunusa, mwenyewe huchimba kwa kijembe kidogo, na kilichopatikana huuzwa kwa gramu. Kilo moja huweza kufikia maelfu ya euro. Alba imekuwa na maonyesho ya uyoga huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kisha kuna meza yenyewe. Chakula cha mchana kinaweza kuchukua saa tatu. Huletwa nyama mbichi ya ng'ombe wa asili wa Piemonte iliyokatwakatwa kwa kisu, tambi nyembamba ziitwazo tajarin zilizokandwa kwa viini vingi vya mayai, na keki ya nocciola, kokwa zinazolimwa kwenye vilima hivyo hivyo. Karibu kila kilichoko mezani kina mkulima wake anayejulikana kwa jina, na mara nyingi anaishi kilometa chache kutoka hapo.

Walikotoka

Anayefika Langhe leo na kuona nyumba zilizopakwa rangi na magari mazuri anaweza kudhani ardhi hii ilikuwa tajiri tangu mwanzo. Sivyo hata kidogo. Hadi miaka ya 1950 Langhe ilikuwa jina la umaskini. Mwandishi Beppe Fenoglio, mzaliwa wa Alba, aliandika riwaya ya La malora, iliyotoka mwaka 1954, kuhusu kijana wa huko anayepelekwa kuwa mtumishi shambani kwa watu kwa sababu kwao hakuna chakula cha kutosha.

Vijana walikimbilia viwanda vya magari mjini Torino. Waliobaki walipeleka zabibu zao uwanjani Alba na kusubiri madalali. Zabibu haisubiri. Dalali alilijua hilo, hivyo kadiri jua lilivyozidi kushuka ndivyo bei nayo ilivyoshuka.

Mambo kadhaa yalibadilisha hali hiyo, na uzuri wa mandhari haukuwa mojawapo. Mandhari ilikuwepo siku zote.

La kwanza ni kipato cha pembeni. Kampuni ya chokoleti ya Ferrero, iliyoanzishwa Alba mwaka 1946, ilipeleka mabasi vijijini kuchukua wafanyakazi na kuwarudisha jioni. Familia ikapata mshahara bila kuhama, na shamba halikuachwa.

La pili ni ushirika. Katika kijiji cha Barbaresco, Domizio Cavazza, mkuu wa shule ya utengenezaji mvinyo ya Alba, aliwaunganisha wakulima mwaka 1894. Ushirika huo ulikufa enzi za utawala wa kifashisti. Mwaka 1958 padri wa kijiji aliufufua kwa kuwakusanya wakulima wadogo 19, na mvinyo wao wa kwanza ulitengenezwa chini ya jengo la kanisa. Leo ushirika huo, Produttori del Barbaresco, una wanachama zaidi ya 50, na mvinyo wake unaheshimika duniani. Mwanachama hulipwa kwa kuangalia ubora wa zabibu, si uzito peke yake.

La tatu lilikuwa msiba. Mwaka 1986 iligundulika kuwa wafanyabiashara fulani walikuwa wakiongeza methanoli kwenye mvinyo wa bei ya chini ili kupandisha kiwango cha kilevi. Watu zaidi ya 20 walikufa nchini Italia, na mmoja wa wahusika wakuu alikuwa na biashara yake Narzole, jirani kabisa na Barolo. Soko la nje likatetereka. Wakulima waangalifu walielewa kuwa hawana kinga nyingine isipokuwa mnunuzi ajue mvinyo umetoka shamba gani na umetengenezwa na nani. Mwaka huo huo, watu wa eneo hilo wakiongozwa na Carlo Petrini wa mji wa Bra walianzisha chama cha Arcigola, ambacho baadaye kiligeuka kuwa Slow Food, harakati ya kutetea chakula cha asili na wanaokizalisha.

Sheria ikamweka mkulima mbele

Mwaka 1985 Italia ilitunga sheria ya kwanza ya kitaifa kuhusu utalii wa mashambani, unaoitwa huko agriturismo. Sheria hiyo ilirekebishwa kwa kutungwa nyingine mwaka 2006. Msingi wake ni rahisi lakini una nguvu: anayeruhusiwa kupokea wageni chini ya jina hilo lazima awe mkulima, na kilimo lazima kibaki kuwa kazi yake kuu. Chakula anachowapa wageni lazima kwa sehemu kubwa kitoke shambani kwake na kwa wakulima wa eneo lake. Mikoa ndiyo inayopanga viwango.

Faida ya kanuni hii inaonekana wazi. Mwenye fedha kutoka mjini hawezi kujenga hoteli, akanunua nyama na mboga kwenye jumla, kisha akaibandika jina la shamba. Akitaka jina, alime. Naye mkulima aliyepata wageni wengi hawezi kuacha mashamba yawe pori, kwa kuwa akiacha kulima anapoteza na haki ya kuwapokea.

Hesabu ya mkulima

Kanuni za Barolo haziruhusu kuvuna zaidi ya tani nane za zabibu kwa hekta, sawa na chupa zipatazo 7,200. Kwa maneno mengine, chupa moja inatumia kilo moja na kidogo ya zabibu.

Sasa tupige hesabu ya mfano, kwa ajili ya kuelewa tu. Tuseme kilo ya zabibu inauzwa euro tatu, na chupa inauzwa mlangoni kwa mkulima euro 30. Kikundi cha watu 10 kimekuja, na kila mmoja ameondoka na chupa sita. Hizo ni chupa 60, yaani euro 1,800. Zabibu zilizotengeneza chupa hizo, kama zingeuzwa zikiwa zabibu, zingempa mkulima euro 200 hivi.

Tofauti hiyo yote si faida. Ndani yake kuna mapipa, chupa, vizibo, kodi, umeme na miaka mitatu ya kusubiri. Lakini hata ukitoa vyote hivyo, sehemu ambayo ingekwenda kwa dalali, mwagizaji na mwenye duka inabaki kijijini. Ongeza malipo ya kulala, chakula na kuonja.

Hapa ndipo udogo wa kikundi na mwendo wa polepole vinapokuwa na maana ya kiuchumi. Basi la watu 50 likisimama nusu saa, kila mmoja ataonja glasi moja, atapiga picha na kuondoka. Mkulima atalazimika kuajiri watu wa kuwahudumia. Watu 10 wanaweza kupokewa na familia yenyewe, wakasikiliza, wakauliza na wakaelewa. Aliyeelewa hununua, na akirudi kwao huagiza tena. Wiki moja ya ugeni inaweza kuzaa mteja wa miaka mingi.

Upande wa pili wa shilingi

Hata hivyo, mafanikio hayo yana gharama. Mwaka 2014 mandhari ya mizabibu ya Langhe, Roero na Monferrato iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Bei ya ardhi, ambayo ilikuwa imeanza kupanda, ikaendelea kupaa. Kwenye miteremko mashuhuri ya Barolo hekta moja inaweza kuuzwa kwa zaidi ya euro milioni moja. Kijana asiyerithi shamba hana njia ya kulipata, na hata anayerithi huweza kushindwa kuwalipa ndugu zake sehemu zao.

La pili ni vibarua. Kazi ya kupogoa na kuvuna hufanywa kwa kiasi kikubwa na wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki na Afrika, ambao mara nyingi huletwa na wakala badala ya kuajiriwa na mwenye shamba. Mwaka 2024 polisi wa Cuneo walikamata watu waliotuhumiwa kuwanyonya vibarua wa mizabibu ya Langhe. Mgeni aliyekaa mezani saa tatu anamjua mwenye shamba kwa jina. Aliyezikata zabibu hajulikani. Sheria iliyomlinda mkulima dhidi ya mwenye hoteli haikumfikia aliye chini yake.

Dodoma inaweza kujifunza nini

Watanzania tuna mizabibu yetu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Barolo hawezi hata kuliota. Lakini malalamiko ya wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora yamekuwa yale yale ya uwanja wa Alba: zabibu zimeiva, wanunuzi ni wachache, na bei anaipanga mwingine.

Wageni hawako mbali. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamtoa abiria Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache. Chakula kipo: ugali wa uwele, mlenda, mbuzi wa kuchoma. Mtu wa Dar es Salaam anayekula mlo huo shambani, akaonyeshwa mzabibu na mtu aliyeupanda, ni mgeni sawa na yule wa Langhe.

Kinachokosekana ni mpangilio, na mpangilio huo una hatua zake. Hatua ya kwanza ni kusindika kwa pamoja, kwa kuwa anayeuza zabibu mbichi hana cha kumwonjesha mgeni. Wakulima 19 wa Barbaresco walianza chini ya kanisa. Ya pili ni kanuni ya kuhakikisha anayepokea wageni kwa jina la shamba ni mkulima kweli, nayo iwepo kabla wenye mitaji hawajafika, maana wakishafika ni vigumu kuwarudisha nyuma. Ya tatu ni mkataba na ujira unaoeleweka kwa vibarua, uandikwe tangu mwanzo, tusije tukarithi kosa la Langhe pamoja na faida zake.

Halmashauri na vyama vya msingi vinaweza kuanza na shamba moja, meza moja na wageni 10 mwishoni mwa juma. Hesabu ya siku hiyo, ikipigwa kwa uaminifu na kuwekwa mbele ya wanachama, itaonyesha kama kuna sababu ya kuweka meza ya pili.