Fowili ya Nini, Mpenzi?

Wapendanao hugombania mengi: simu, mawifi, hela ya saluni. Lakini kwa vijana wenye kazi mjini na kashamba kijijini kuna ugomvi mwingine: gari la kuvuta tela. Bwana anataka 4WD, ile tunayoiita fowili. Bibi anasema hela hiyo ni bati za nyumba. Nani mkweli?

Ugomvi huo niliukuta Rungwe kwa shoga yangu. Yeye ni mhasibu mjini Tukuyu, mumewe mwalimu. Wana migomba kilomita chache kutoka lami, na walitaka tela la kupeleka ndizi sokoni. Akiba yao ya miaka minne ilitosha pikapu ya kawaida na chenji ya kuezekea. Wakichukua fowili, nyumba isubiri.

"Shemeji, mwambie shoga yako mvua ya hapa haina likizo," bwana akaniambia.

"Na lami nayo ina tope?" mwenzake akadakia.

Kwa kweli wote walikuwa na hoja. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Mei, na udongo wake ukilowa unateleza kama sabuni. Lakini barabara kuu, kutoka Uyole hadi Tukuyu na kuteremka Kyela, ni lami. Kwa hiyo usiulize kama Rungwe kuna matope. Uliza hivi: tela likiwa limejaa, litapita wapi?

Tairi zipi zinasukuma?
Tela lililopakiwa vizuri hukandamiza nyuma ya gari na kuipunguzia pua uzito. Gari linalovutwa na tairi za mbele, kama RAV4 isiyo fowili, likipanda mlima wenye tope tairi zake zinazunguka bure. Hilux ya kawaida inasukumwa na tairi za nyuma, na mzigo unazikandamiza chini, kwa hiyo ina nafuu. Ila nafuu hiyo ina mwisho. Mlima mrefu wa utelezi na tela limejaa, tairi mbili hazitoshi. Hapo ndipo fowili inalipa hela yake.

Haisimamishi gari
Hapa wengi wanajidanganya. Fowili inakusaidia kuondoka. Kwenye kufunga breki haina msaada. Tukuyu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Ukiteremka Kyela na tela, kinachokuokoa ni breki nzima, gia nzito uliyoiweka mapema, tairi zenye kashata, na mzigo usiozidi kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Tela zito liwe na breki zake lenyewe.

Tena, pikapu nyingi zenye fowili ya kuweka na kutoa hazitakiwi kuendeshwa nayo kwenye lami kavu. Inaumiza tairi na mitambo. Na vyuma vya ziada maana yake ni mafuta zaidi na spea zaidi.

Kalenda mezani
Niliwashauri waache kubishana, wakaipime njia siku ya mvua. Jumamosi moja wakavaa mabuti wakaenda. Kumbe kipande kibaya ni mlima mmoja, hata nusu kilomita haufiki! Wakapiga hesabu: siku za tope tela libaki kwenye lami, bodaboda wapandishe mikungu. Na mvua ikizidi, ndizi zinaweza kungoja siku moja shambani.

Njiani ndipo bwana akatoa la moyoni. Hofu yake ilikuwa kukwama usiku gizani, mkewe na mtoto wamo garini. Hakuwahi kulisema. Wakakubaliana: jua likizama, tela halitoki. Walinunua pikapu ya kawaida, na sehemu ya chenji ikaenda kwenye tairi nzuri. Nyumba imeezekwa.

Lakini msiige tu. Wangekuwa wanabeba maziwa kila asubuhi kwa njia ya udongo, mvua inyeshe isinyeshe, ningekuwa upande wa bwana. Maziwa hayangoji. Kwa kazi kama hiyo fowili si mambo ya sifa, ni jembe.

Kabla hamjaenda kwa dalali, jibuni haya pamoja, kwa kalamu na karatasi:
• Safari ngapi kwa wiki tela litakuwa na mzigo nje ya lami, hasa Novemba hadi Mei?
• Mzigo unaweza kungoja siku moja?
• Siku mbaya, bodaboda au gari la kukodi litawagharimu kiasi gani?
• Na kila mmoja wenu, hasa anaogopa nini?

Hilo la mwisho msiliruke. Kazi kwenu!