Je, Mwenye Akili Nyingi Huacha Dini?

Himdi zote ni za Allah, rehma na amani zimshukie Mtume wetu (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Ama baad. Tulipokuwa Mikumi kwa darsa, mzee mmoja aliyeteremka kutoka milima ya Vidunda alitukalisha pembeni. Mwanawe yuko chuo kikuu, na likizo hii kamwambia: "Baba, wataalamu wameshathibitisha, wenye akili hawaamini Mungu." Mzee anataka kumtoa chuoni. Suala hili tunaulizwa Unguja na Pemba pia, basi tulijibu kwa wote.

Utafiti upo, tusikanushe. Mwaka 2013 Zuckerman na wenzake wawili walikusanya tafiti 63, wakaona kwa wastani wanaopata alama za juu katika vipimo vya akili hupungua kidogo katika dini. Lakini uhusiano huo ni dhaifu. Ukiijua alama ya mtu huwezi kujua kama anaswali. Tafiti nyingi ni za Marekani, na wenyewe walisema matokeo yao yanahusu jamii za Magharibi. Kijana hakufika ukurasa huo, inaonesha.

Tena vipimo hivyo havitengani na skuli. Tazameni huko huko Kilosa. Zama za ukoloni skuli nyingi za bara zilikuwa za misheni, na wazee wengi wa Kiislamu waliwazuia watoto wao wakichelea wasije kubatizwa. Lau mtu angewapima watu wakati ule, angesema Waislamu ni wazito wa akili, kumbe alichopima ni nani aliyeingia darasani. Serikali ilizitaifisha skuli hizo kwa sheria ya mwaka 1969, na watoto wa wazee wale wale leo ni madaktari na wahandisi.

Sisi Waislamu tuna mfano ulio wazi zaidi. 'Amr bin Hishaam, Makureshi walimwita Abul-Hakam kwa busara yake, hata wakamwingiza katika baraza lao akingali kijana. Huyo ndiye Abu Jahl. Hakukosa akili. Wapokezi wa Sira wanaeleza kwamba kilichomzuia ni ushindani wa ukoo wake na Bani 'Abd Manaaf: vipi wao wapate Mtume nasi tusiwe naye? Na 'Abdullaah bin Salaam, mwanachuoni wa Mayahudi wa Madina, aliamini kwa elimu ile ile aliyokuwa nayo. Akili ni chombo, na fiqhi imeifanya sharti la taklifu: asiye na akili hatakiwi swala wala saumu. Vipi basi dini iiogope?

Mzee tulimwambia asimtoe chuoni. Ada aliyoilipa kwa kuuza ndizi isipotee bure. Amwambie kijana aje na huo utafiti, wausome pamoja na maalim anayejua hesabu, bila ya kumfokea wala kumwita kafiri, maana anayeuliza hajatoka katika dini. Naye mzee asione haya kuwa hajui kusoma. Anayejua kulima miteremko ile mikali bila mvua kumchukulia udongo ana akili ambayo hakuna karatasi ya Marekani iliyoipima.

Wa Allaahu A'lam.